Mikono Ikitetemeka Mimbarini



Umewahi kuitwa mbele za watu ukasikia miguu kama si yako? Mimi yamenikuta, tena kanisani.

Mwaka ule nilipangiwa somo la kwanza siku ya Pentekoste. Kama wewe ni msomaji parokiani kwako, umeshaelewa. Ni lile la Matendo ya Mitume 2, lenye orodha ya mataifa: Waparthi, Wamedi, Waelami, Kapadokia, Frigia, Pamfilia. Yaani usiku kucha naota Pamfilia. Asubuhi nilisali Rozari njia nzima, na nia ilikuwa moja tu: Mungu wangu, nisikosee.

Nikakosea. Kufika Kapadokia ulimi ukagoma. Nikarudia, nikaruka Ponto kabisa. Upande wa kwaya nikasikia mtu akicheka kichinichini. Nikamaliza huku kidole nilichofuatia mstari kikitetemeka, nikarudi kwenye benchi nikiwa nimeinamisha kichwa.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani nikamwuliza mama, "Mama, umeona nilivyoharibu?"

"Umeharibu nini? Mimi nilikuwa nawawaza wale watu. Kila mtu anasikia kwa lugha yake! Ingekuwa leo, bibi yako angesikia Kihaya chake."

Jibu lile lilinifariji, halafu likanichoma. Wakati nasoma, mama alikuwa Yerusalemu na mitume. Mimi niliyesoma nilikuwa nyumbani tu, nimejifungia na aibu yangu. Na nilipokumbuka sala zangu zote za wiki ile, sikuona hata moja niliyowaombea wale waliokuja kusikiliza. Niliomba nisiaibike, basi.

Sasa swali: je, kuogopa kusimama mbele za watu ni kukosa imani? Wapo watakaokuambia kwamba ukiwa na Yesu huwezi kutetemeka. Kusema ukweli, Biblia haisemi hivyo. Mtume Paulo mwenyewe anawakumbusha Wakorinto kwamba alifika kwao akiwa dhaifu, mwenye hofu na kutetemeka sana (1 Kor 2:3). Na huyo ndiye Paulo!

Mtazame na Musa katika Kutoka 4. Anamwambia Mungu kwamba yeye si msemaji, ulimi wake ni mzito. Mungu hakasiriki kwa hilo. Anamwahidi kuwa pamoja na kinywa chake na kumfundisha la kusema. Hasira inakuja pale Musa anapoomba atumwe mtu mwingine. Na hata hapo Mungu anampa kaka yake Haruni wa kumsaidia. Hatusomi popote hapo kwamba ulimi ulipona. Alikwenda kwa Farao na ulimi ule ule.

Halafu kuna yule mtumishi wa talanta moja katika Mathayo 25. Tumezoea kumwita mvivu, na bwana wake alimwita hivyo, lakini sikiliza utetezi wake: aliogopa, akaenda akaificha ardhini. Bwana wake hakumdai ujasiri wa simba. Alimwambia angalau angeiweka kwa watoa riba. Nadhani hapa ndipo wengi wetu tunapokwama. Hofu yenyewe si dhambi, inakuja kama homa. Lakini tukiiachia ituamulie, tunazika sauti tuliyopewa kwa ajili ya wengine, halafu tunajifariji kwamba sisi ni wanyenyekevu.

Utaniuliza, "Sasa mbona ulisali na bado ukakosea, na mtu akacheka?" Swali zuri. Nenda Gethsemane, Luka 22. Yesu aliomba kikombe kimwondokee. Hakikuondoka. Malaika alikuja kumtia nguvu, na bado jasho lilimtoka kama matone ya damu. Hakuficha hofu yake kwa Baba. Aliisema yote, kisha akayaacha mapenzi yake mikononi mwa Baba. Kwa hiyo usione aibu kuomba usikosee, mtoto humwambia baba yake kila kitu. Ila usiishie hapo. Endelea mpaka ufike kwa wale watakaokusikia.

Tangu siku ile nafanya mambo matatu. Kwanza, naanza kulisoma somo kwa sauti tangu Alhamisi. Kumwachia Roho Mtakatifu kitu ambacho hukukiandaa ni uvivu tu. Pili, nikifika kanisani mapema natazama wanaoingia, nachagua mtu mmoja, labda bibi wa benchi la mbele, na kumwombea alisikie Neno. Tatu, nakumbuka kwamba hata padre, kabla ya kusoma Injili, huinama na kuomba kimyakimya Mungu amtakase moyo na midomo. Kama yeye anaomba, mimi ni nani?

Bado natetemeka. Lakini sijakataa tena kupangwa.

Na wewe ambaye hofu inakunyima usingizi na chakula, au inakuzuia hata kuingia darasani, usidhani Mungu amekukasirikia. Mwambie mzazi, padre wako au daktari. Musa alipewa Haruni, na wewe usikatae wako.

Tusali: Ee Bwana, unajua ninavyoogopa macho ya watu. Nipe nguvu ya kusimama hata mikono ikitetemeka, na uniwezeshe kuwapenda wanaonisikiliza kuliko ninavyoogopa kicheko chao. Nikikosea, Neno lako liwafikie hivyo hivyo. Amina.