Mkono Uliovua Bangili

Swar al-Dahab. Kwa Kiswahili ni bangili ya dhahabu. Siku kadhaa sasa nimekuwa nikilirudia jina hili taratibu, kama mtu avutaye uradi, nikimuwaza jenerali wa Sudan aliyeishika nchi mwaka mmoja na mwezi mmoja, kisha akaitua.

Abdel Rahman Swar al-Dahab, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikulia jeshini. Machi 1985 Rais Gaafar Nimeiry alimfanya waziri wa ulinzi na mkuu wa majeshi. Haukupita mwezi. Bei ya mkate ilikuwa imepanda, rais yuko safarini Marekani, watu wakafurika barabara za Khartoum, madaktari na mawakili wakagoma. Nje kulikuwa na umati. Ndani ya kifua cha jenerali kulikuwa na kiapo cha utii.

Hapo ndipo moyo wangu unapotaka kukaa. Husimuliwa kwamba kiapo kile kilimtaabisha, hata wanazuoni wakahitajika kumtuliza. Tunaposoma habari za mapinduzi tunaona askari na tangazo la redio. Hatumwoni mtu aliyekaa usiku akijiuliza: neno nililompa mwenzangu mbele ya Mungu, nikiliweka kwenye mizani pamoja na njaa ya watu hawa, litakuwa na uzito gani? Siamini kwamba jibu lolote lingemwacha bila jeraha. Aprili 6 alimwondoa Nimeiry madarakani.

Akaahidi mwaka mmoja. Afrika imesikia ahadi kama hiyo mara nyingi, na mwaka ukazaa mwaka. Huyu alimpa daktari, Al-Jazuli Dafallah, uwaziri mkuu wa mpito. Aprili 1986 watu wakapiga kura, na Mei 6 Sadiq al-Mahdi akashika serikali. Jenerali akaenda zake. Kwetu husemwa cheo ni dhamana, na tumelisema sana hata limekuwa kama salamu. Kumbe pana mtu aliyelichukua neno hilo kama lilivyo.

Sitaki kumpamba. Sheria za Kiislamu ambazo Nimeiry alizitangaza Septemba 1983, zilizowatia watu wa kusini hofu, hakuzifuta. Vita vya kusini viliendelea, na John Garang, kiongozi wa waasi wa huko, hakuweka silaha chini. Amana ilirudi kwa wenyewe ikiwa na ufa, na miaka mitatu baadaye, Juni 30, 1989, afisa mwingine, Omar al-Bashir, aliitwaa na kuing'ang'ania karibu miaka 30. Nimejiuliza mara nyingi kama aliyeondoka mapema ana sehemu katika dhambi ya aliyekataa kuondoka. Ninapofika hapo, huona kwamba ufa ule ni deni lake kweli. Lakini wizi uliofuata si wake.

Maisha yake ya baadaye yalikuwa ya kimya zaidi. Aliongoza shirika la Daawa Islamiya, lililokuwa na shule na visima katika nchi nyingi za Afrika. Mwaka 2004 akatunukiwa Tuzo ya Mfalme Faisal. Alifariki Riyadh Oktoba 18, 2018, akazikwa Baqii, Madina, katika ardhi ambayo makaburi yake hayaandikwi cheo cha mtu. Hakuiona Aprili 2023, majenerali wawili walipoanza kuigombania Khartoum kwa mizinga, na familia zikatoka na kile tu zilichoweza kubeba.

Mimi hurudi kwenye usiku mmoja tu, ule wa Mei 6, 1986. Bangili iliyovaliwa muda mrefu ikivuliwa, mahali pake mkononi hubaki na alama, na kwa siku chache mkono huhisi mwepesi kupita kiasi. Namfikiria akiamka alfajiri, akikunja mikono ya kanzu, akiyamimina maji ya udhu juu ya mahali pale palipo wazi.