Dhahabu ya Sekenke

Aghalabu tulisikiapo neno makumbusho, fikra zetu huenda Dar es Salaam, ilhali hapa hapa Iramba, karibu na mbuga ya Wembere, ipo Sekenke, mgodi wa dhahabu waliouanzisha Wajerumani mwaka 1909, wa awali katika nchi hii. Vita Kuu ilipowazingira wakoloni hao, na sarafu zikawaadimikia, dhahabu hiyo, iliyotolewa ardhini kwa jasho la babu zetu, ilichukuliwa hadi Tabora, na mwaka 1916, katika karakana ya reli, ikapigwa sarafu za rupia 15: upande mmoja tai wa dola yao, upande wa pili ndovu aliyeinua mkonga, nyuma yake milima, na chini herufi T. Hivi leo matajiri wa ng'ambo huzigombania mnadani. Jina la mchimbaji, maskini, halimo katika sarafu hizo.

Basi wewe mwenye sururu, mtalimbo au karai la zama zile, usimwuzie mnunuzi wa chuma chakavu. Upeleke shuleni, pawe makumbusho yetu, na mzee aliye hai aulizwe habari zake, ziandikwe.