Debe la Mahindi na Fainali ya Paris

Kwenye kijiwe kimoja cha bodaboda pale Kimandolu, kando ya barabara ya Moshi, alikuwepo kijana aliyeacha kubeti mpira akahamia tenisi. Jina lake halina kazi hapa. Tumwite Chalii, kama wanavyoitwa nusu ya vijana wa Arusha.

Sababu yake ya kuhama haikuwa ya kijinga. Mpira wa miguu una sare, na sare ilikuwa imemchania mikeka mingi kuliko kufungwa. Tenisi haina sare: wanaingia wawili, anatoka mshindi mmoja. Halafu tenisi hailali. Ukiamka usiku wa manane ukute usingizi umekata, kuna watu wanapigiana mpira mahali fulani duniani, na simu iko tayari kupokea hela yako. Chalii hakuwahi kushika raketi, lakini hilo halikumsumbua. Wangapi kijiweni wanaipangia Yanga kikosi na hawawezi kukimbia dakika tano?

Alikuwa na pikipiki ya mkataba. Mwenye chombo alikuwa mwalimu mstaafu anayekaa upande wa Suye, na makubaliano yalikuwa hesabu ya shilingi 10,000 kila siku, Jumatatu hadi Jumamosi, kwa miezi 14. Baada ya hapo chombo ni cha Chalii. Walianza Aprili 2020, mwezi ambao watalii walikuwa wamepotea Arusha na mji mzima ukilalamika, lakini Chalii alijikongoja na hesabu ilifika.

Ikaja fainali ya Paris, Jumapili ya tarehe 11 Oktoba 2020. Mashindano ya Roland Garros huchezwa Mei na Juni, lakini mwaka huo korona iliyasukuma hadi Septemba na Oktoba. Wakakutana Novak Djokovic na Rafael Nadal, watu waliokwisha kuchezeana mara 55, Djokovic akiongoza kwa 29 dhidi ya 26. Chalii alikuwa na hesabu zake mkononi. Mwaka huo Djokovic alikuwa ameshinda mechi 37 na kupoteza moja tu, nayo hakuipoteza kwa kupigwa: alitolewa New York baada ya kumgonga mwamuzi wa mstari kwa mpira. Hali ya hewa ya Paris ilikuwa ya baridi na unyevu, mipira ikawa mizito, na wajuzi walisema mpira mzito hauruki juu kama Nadal apendavyo. Mvua ikanyesha, paa likafungwa, na Djokovic huwa mkali sana chini ya paa. Ushahidi wote huo uliangukia upande mmoja.

Ulikuwepo ushahidi wa upande wa pili, nao haukuwa umefichwa. Pale pale Roland Garros, Nadal alikuwa amecheza mechi 101 katika maisha yake na kushinda 99. Chalii aliuona. Aliuona akaupita, kwa sababu alikuwa tayari amependa jibu lake. Akaweka shilingi 60,000, hesabu ya wiki nzima aliyotakiwa kuipeleka kwa mzee kesho yake.

Saa kumi jioni kwa saa zetu wakaanza. Seti ya kwanza Nadal alishinda 6–0. Ya pili 6–2. Ya tatu Djokovic alijitutumua, ikaisha 7–5, na Nadal akapiga magoti kwenye udongo.

Jumatatu Chalii alipanda Suye.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Wiki imekwendaje?”

Akaeleza. Kwanza alisema chombo kilisumbua, halafu mzee alipomkazia macho akasema kweli. Mzee alimwambia akae, akaita chai, na badala ya kugomba akamsimulia habari za debe la mahindi.

Mwaka 1976 mzee alikuwa mwalimu kijana, na nchi ilikuwa na mtu mmoja anayejulikana dunia nzima kwa mbio. Filbert Bayi alizaliwa Karatu, huko juu ukishapita Mto wa Mbu, mwaka 1953. Mwaka 1973, Lagos, kwenye Michezo ya Afrika, alimshinda Kipchoge Keino mwenyewe katika mita 1,500. Mwaka uliofuata, tarehe 2 Februari 1974, alisimama kwenye mstari Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, pembeni yake yuko kijana wa wenyeji, John Walker, na Ben Jipcho wa Kenya.

Desturi ya mbio hizo ilikuwa kukimbia kwa kuviziana, kila mtu akihifadhi nguvu za raundi ya mwisho. Bayi hakuwa na subira hiyo. Alitoka mbele tangu bunduki ilipolia, raundi ya kwanza akaimaliza chini ya sekunde 55, na wenye hekima wakasubiri achoke. Hakuchoka. Walker alimfuata mita kwa mita kwenye kona ya mwisho, watu wake wakipiga kelele, asimfikie. Bayi 3:32.16, rekodi ya dunia. Walker 3:32.52, naye pia ndani ya rekodi ya zamani ya Jim Ryun wa Marekani, na bado akawa wa pili. Muda ule wa Bayi uliendelea kuwa rekodi ya michezo ya Madola mpaka 2022, miaka 48, na mimi sijui wangapi Arusha wanaojua hivyo.

Mwaka 1975 wakaendelea kujibizana, safari hii wakiwa mbalimbali. Mei, mjini Kingston, Jamaika, Bayi alivunja rekodi ya dunia ya maili kwa 3:51.0. Agosti, mjini Göteborg, Sweden, Walker akaichukua kwa 3:49.4, mtu wa kwanza kushuka chini ya dakika tatu na sekunde hamsini. Mmoja ana rekodi ya mita 1,500, mwingine ana ya maili. Olimpiki ya Montreal ilikuwa imebakiza mwaka mmoja. Dunia yote ya riadha ilijua hiyo ndiyo mbio itakayotazamwa kuliko zote, na kila mwenye mdomo alikuwa na utabiri.

Mzee na jirani yake, mwenye duka, nao walikuwa na wa kwao. Mzee alisema Bayi: Walker alishindwa nyumbani kwao, atashinda vipi ugenini? Jirani alisema Walker: rekodi ya karibuni ndiyo inayosema kweli, na mtu anayekimbia mbele anamfanyia kazi anayemfuata. Mimi nikiwasikiliza leo naona wote wawili walikuwa na hoja nzuri. Wakawekeana debe la mahindi.

Halafu timu ya raga ya New Zealand ikapanda ndege kwenda kucheza Afrika Kusini. Tarehe 16 Juni 1976 polisi wa makaburu walikuwa wamewapiga risasi wanafunzi wa Soweto, na kabla mwezi haujaisha Wanyuzilandi wako huko huko wanacheza raga na wenye nchi. Mataifa ya Afrika yakataka New Zealand iondolewe Montreal. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikajibu kwamba raga haimo katika michezo ya Olimpiki, kwa hiyo haiwahusu. Tanzania ilikuwa miongoni mwa waliokuwa mstari wa mbele kukataa, na zaidi ya mataifa 20 yakajitoa.

Bayi hakukimbia. Na kejeli yenyewe ni hii, kwamba kosa lilikuwa la timu ya nchi ya Walker, na aliyekosa mbio ni Bayi. Isitoshe, siku hizo alikuwa amesumbuliwa na malaria, kwa hiyo hata bila mgomo huenda Walker angekutana na nusu ya Bayi.

Walker alishinda dhahabu kwa 3:39.17. Ilikuwa mbio ya kuviziana, taratibu, nyuma kwa karibu sekunde saba ukilinganisha na walichofanya Christchurch.

“Jirani akaja na gunia,” mzee akasema. “Anataka debe lake. Walker si ameshinda? Nikamwambia Bayi hakuwepo. Akasema tulipoandikiana hatukusema habari za kuwepo. Tukanuniana mpaka msimu wa mavuno.”

“Mwisho ulilipa, mzee?”

“Nililipa nusu. Mama yako alisema nusu debe ni rahisi kuliko kukosa sukari ya mkopo.”

Kisha akasema maneno ambayo Chalii aliyasikia kwa sikio moja. Akasema sisi wawili tulibishana Bayi na Walker, Bayi na Walker, na aliyeamua ni mtu mwenye mpira wa raga ambaye hatukuwahi kulitaja jina lake. Wewe na wenzako mmewachambua Djokovic na Nadal mpaka uzito wa mpira. Umeuchambua mfuko wako?

Hapo mzee alikuwa ameligusa jambo ambalo wabashiri wengi hawalitazami. Kujua tenisi ni kitu kimoja, na kununua utabiri kwa hela ni kitu kingine. Chukua mechi ambayo kampuni inaona wawili wako sawa, ikatoa odi ya 1.85 kila upande. Weka 1,000 kwa huyu na 1,000 kwa yule: umetoa 2,000, na ashinde yeyote utalipwa 1,850. Zile 150 ni za kampuni, nayo haikuhitaji kubashiri chochote. Ukishafungasha mechi nyingi kwenye mkeka mmoja, mambo huwa mabaya zaidi. Tuseme una jicho kali hasa, katika kila mechi nne unapatia tatu. Mkeka wa mechi nane utatiki mara moja tu katika kumi. Mara tisa unachanika, na mechi moja tu inatosha kuuchana, ndiyo maana mara nyingine unajiona ulikaribia.

Tena mabingwa hawaachani sana. Roger Federer alicheza mechi 1,526 za mtu mmoja mmoja na kushinda karibu asilimia 80, lakini pointi alizoshinda ni asilimia 54 tu. Mwenyewe aliwaambia hivyo wahitimu wa chuo kimoja cha Marekani mwaka 2024. Fainali ya Wimbledon ya 2019 alipata pointi 218, Djokovic 204, na kombe akachukua Djokovic. Au tuje kwetu: Tokyo, Septemba 2025, Alphonce Simbu alikimbia marathoni nzima na Mjerumani Amanal Petros, saa zikaandika 2:09:48 kwa wote wawili, Simbu akawa bingwa wa dunia kwa sehemu tatu za mia za sekunde moja. Mtabiri aliyemtaja Petros alikosea kwa kiasi gani? Kwa kifua tu. Lakini mkeka haujui kifua, ungechanika sawasawa na wa aliyetaja mtu wa mwisho.

Mzee alisamehe wiki ile, akaigawa kwenye hesabu za miezi iliyofuata. Chalii alishukuru kwa dhati. Shida ni kwamba alitoka Suye na funzo, na funzo lenyewe halikuwa lile la mzee. Alichojifunza ni hiki: niliusahau udongo. Akarudi kwenye simu akachimba. Akakuta kwamba kwenye udongo Nadal humzidi Djokovic kwa mbali, na kwenye sakafu ngumu mambo hugeuka. Akawaeleza wenzake kijiweni kama mwalimu wa somo. Hakuna aliyeweza kumbishia, maana takwimu zilikuwa za kweli.

Mwaka 2021 mashindano yakarudi kwenye msimu wake. Mei, Roma, kwenye udongo, Nadal akamfunga Djokovic fainali. Juni, Paris, ratiba ikawakutanisha nusu fainali. Nadal sasa alikuwa ameshinda pale mechi 105 na kupoteza mbili. Chalii alibakiza wiki tatu za mkataba. Alikuwa amemwomba mzee alipe zote kwa mkupuo mwishoni, akakubaliwa, na shilingi 180,000 zilikuwa kwenye simu.

Ijumaa ya tarehe 11 Juni, usiku, Nadal akaanza kwa kuongoza 5–0. Kijiweni wakampigia Chalii makofi. Seti ikaisha 6–3. Djokovic akachukua ya pili 6–3. Ya tatu ikaenda mpaka michezo 6–6, Nadal akawa ameikosa pointi moja ya kuimaliza, Djokovic akaimaliza yeye. Ya nne Nadal aliongoza tena mwanzoni, halafu mguu ukawa mzito, 6–2. Huku kwetu ilikuwa imepita saa sita usiku. Kati ya mechi 108 alizokuwa amecheza uwanja ule, Nadal alikuwa amepoteza tatu, na Chalii alikuwa amemwekea hela kwenye ya tatu.

Mkataba ulisema wazi: hesabu ikikosekana wiki mbili mfululizo, chombo kinarudi kwa mwenyewe. Siku ya mkupuo ilipita bila hela, na wiki mbili zilipotimia mzee alishuka mwenyewe kijiweni akachukua ufunguo. Wapo waliomwona katili, mtu amelipa zaidi ya miezi 13 akanyang'anywa kwa wiki tatu. Mimi nisingeichukua. Lakini sikuwahi kumsamehe mtu mara ya kwanza kisha nikaona anarudi na takwimu bora zaidi.

Siku hizi pikipiki ile inaendeshwa na kijana wa Moshono. Chalii amepata tajiri mwingine, hesabu ile ile ya 10,000, miezi 14, na ameanza na mwezi wa kwanza.