Mbuzi Ana Kosa Gani?

Kati ya Ruiru na Thika bado kuna ploti nyingi ambazo hazijajengwa. Hapo, baina ya fleti mpya na masalia ya mashamba ya kahawa, wachungaji hupitisha mifugo yao, kondoo na mbuzi wakiwa wamechanganyika. Mgeni anaweza kudhani ni kundi la mnyama mmoja. Kondoo wekundu wa Kimaasai wana manyoya mafupi kama ya mbuzi, wala si sufu ya kwenye picha za vitabu vya shule ya Jumapili. Mchungaji hatatizwi na hilo. Hutazama mkia: wa kondoo umening'inia, wa mbuzi umesimama.

Ndiyo maana mfano ulio katika sura ya 25 ya Injili ya Mathayo hauhitaji maelezo mengi huku. Mwana wa Adamu atakapokuja, atawatenga watu kama mchungaji anavyotenga kondoo na mbuzi. Kondoo kuume, mbuzi kushoto. Wa kuume wanaurithi ufalme, wa kushoto wanatupwa motoni. Lakini anayewafuga wanyama hawa ana swali la haki kabisa kwa mhubiri: mbuzi hakuchagua kuzaliwa mbuzi. Anahukumiwa kwa kosa gani?

Tuanze na wanyama wenyewe, maana tofauti zao ni za kweli. Kondoo ana kromosomu 54, mbuzi ana 60, na wakipandana ni nadra sana kupata mtoto aliye hai. Ukimsogelea kondoo malishoni utaona mdomo wake wa juu una mfereji katikati. Huo humwezesha kushusha meno karibu kabisa na udongo na kukata nyasi fupi ambazo ng'ombe ameziacha. Hula ameinama, wenzake wakiwa ubavuni. Akitengwa na kundi huhangaika na kulia.

Mbuzi hula kwa namna nyingine. Midomo yake ni myepesi, huchagua jani hili na kuliacha lile. Akifika penye ua wa kayaba husimama kwa miguu ya nyuma, akaegemeza ya mbele kwenye matawi na kuchomoa majani katikati ya miiba mirefu bila kuchomwa. Majani machungu ambayo kondoo huyakwepa, yeye huyala na kuyasaga vizuri tumboni. Ni mdadisi, hutangulia, hujaribu kila lango.

Udhaifu wao nao unatofautiana. Minyoo ya tumboni hupanda kwenye nyasi fupi zenye unyevu, na mbuzi, ambaye kwa asili ni mla majani ya juu, akilazimishwa kula hapo huumia haraka kuliko kondoo. Kondoo mwekundu wa Kimaasai anasifika hata kwa watafiti kwa kuistahimili minyoo hiyo. Kondoo kwa upande wake huuawa na madini ya shaba kwa kiasi ambacho mbuzi angekivumilia. Katika nchi ya kahawa hilo si jambo dogo, kwa sababu dawa za shaba zimetumika miaka mingi kupambana na magonjwa ya mkahawa, na kondoo anayelishwa nyasi zilizodondokewa na dawa hiyo yuko hatarini. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru kilitoa mwaka 1985 aina ya kahawa ya Ruiru 11, inayostahimili magonjwa hayo na hivyo kupunguza unyunyizaji.

Katika yote hayo hakuna dhambi. Kuna wanyama wawili waliopewa riziki mahali pawili, mmoja chini na mwingine juu. Mfugaji mwenye akili huwaweka pamoja kwa sababu hiyohiyo: kondoo hushughulikia nyasi, mbuzi hushughulikia vichaka, na shamba moja huwatosha wote.

Maandiko nayo hayamlaani mbuzi. Kutoka 12:5 inasema mwanakondoo wa Pasaka aweza kutwaliwa katika kondoo au katika mbuzi. Siku ya Upatanisho, kwa mujibu wa Walawi 16, mbuzi wawili ndio waliobeba jambo la taifa zima: mmoja alitolewa kwa Bwana, mwingine alipelekwa jangwani na dhambi za watu. Kurani, katika Surat Al-An'am aya ya 143, huwataja kondoo wawili na mbuzi wawili pamoja, ikiwakemea watu waliojiharamishia wanyama bila hoja. Waislamu wa Thika wanapochinja udhia wakati wa Idi, wote wawili wanafaa. Madhehebu ya Shafi, yenye wafuasi wengi Afrika Mashariki, humtanguliza kondoo kwa ubora na kutofautisha umri, kondoo mwaka mmoja na mbuzi miaka miwili, lakini hayamfukuzi mbuzi.

Wagikuyu, wenyeji wa nchi hii, walijua vilevile kugawa kazi bila kugawa heshima. Jomo Kenyatta, mzaliwa wa Gatundu, alieleza katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938 jinsi wazee walivyomtolea Ngai, yaani Mungu, mwanakondoo wa rangi moja chini ya mti wa mugumo. Mbuzi ndio waliolipwa ili mtu apande ngazi katika kiama cha wazee. Na ndoa ilihitaji wote. Mpaka leo, familia ikienda kuposa, ruracio, yaani mahari, huanza na mwati na harika: kondoo jike mchanga na mbuzi jike mchanga, ambao hawajazaa. Wengi siku hizi hupeleka fedha, lakini majina hayo mawili hutajwa pamoja. Kondoo peke yake hakamilishi neno.

Basi Mathayo anahukumu nini? Nabii Ezekieli anatusaidia, kwa kuwa sura yake ya 34 inazungumzia kundi kabla ya Injili kuandikwa. Mungu anaahidi kuhukumu baina ya mnyama na mnyama, na anayekaripiwa hapo ni kondoo mnono. Kosa lake limetajwa waziwazi: amekula malisho mema kisha akayakanyaga yaliyobaki, amekunywa maji safi kisha akayachafua kwa miguu, na amewasukuma wadhaifu kwa ubavu na pembe. Kwa hiyo kondoo naye aweza kuhukumiwa, na kipimo ni kile alichowaachia wenzake.

Mathayo yuko kwenye njia hiyohiyo. Wanyama wanatajwa mwanzoni tu, kuonyesha kwamba jicho la Mchungaji halikosei. Baada ya hapo hawatajwi tena. Kinachofuata ni orodha ya matendo: mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, aliye uchi, mgonjwa, aliye kifungoni. Hakuna anayeulizwa ukoo wake, kanisa lake wala tabia aliyozaliwa nayo. Tena pande zote mbili zinashangaa, na zote zinauliza swali lilelile: lini tulikuona? Waliookoka hawakujijua kuwa kondoo. Mtu anayesimama mimbarani na kuwaonyesha kidole "mbuzi" wa mtaa wake amechukua kazi ambayo andiko halikumpa.

Mpole anayefuata kundi bila kusaidia mtu asijifariji kwa upole wake. Mkaidi anayeruka ua ili ampelekee jirani chakula asikate tamaa kwa ukaidi wake. Tabia ni malighafi tu.

Orodha ile haiko mbali na wakazi wa eneo hili. Mgonjwa yuko katika Hospitali ya Thika Level 5. Mfungwa yuko gereza la Thika na Kamiti. Mgeni ni mpangaji aliyehamia Ruiru juzi, ambaye majirani wa mlango kwa mlango bado hawajamjulia jina. Wahubiri wa Thika na Ruiru wanaombwa, wanapoufungua mfano huu, wausome mpaka aya ya mwisho, kisha wawaongoze waumini wao kwenda huko.