Rakaa Mbili za Kirumba

Mama alikuwa nyuma ya pazia, akihesabu. Nilipotoa salamu baada ya rakaa ya pili ya adhuhuri, akauliza, "Umesahau, mwanangu?"

"Mimi msafiri, mama."

"Msafiri wa wapi? Chai uliyokunywa Dar haijapoa."

Ana haki. Ndege ilichukua saa moja na nusu. Yeye alipoletwa Mwanza kuolewa alikuja na gari moshi, kwa reli hii iliyofika hapa mwaka 1928, akazungushwa kupitia Tabora, na maandazi aliyofungiwa yakamwishia njiani. Mimi mwenyewe mwaka juzi nilikuja kwa basi: Morogoro, Dodoma, Singida, Shinyanga, zaidi ya kilomita 1,100. Niliposhuka Nyegezi viatu vilikuwa havinienei. Angani ni kama 850 tu. Kwa mama, safari ni ile inayovimbisha miguu. Hii nyingine ni kupiga hodi.

Je, ruhusa ya kufupisha sala imewekewa taabu au umbali? Sisi wa Shafii tunapimiwa marhala mbili, kilomita 80 na ushei, hesabu ya mwendo wa ngamia. Ukisema ni taabu, itabidi kila mtu apimwe uchovu wake: utingo wa lori aliyezoea barabara asali nne, na tajiri anayehema akienda sokoni asali mbili. Mizani hiyo ataishika nani? Imam Nawawi, mtu wa karne ya 13, ameandika katika Minhaj kwamba hata anayeumaliza umbali huo baharini kwa saa moja, hufupisha. Jibu la ndege lilikuwapo kabla ya ndege.

Papo hapo ana suala jingine ninalolipenda zaidi. Mji una njia mbili, fupi isiyofikia kipimo na ndefu inayofikia. Ukishika ndefu kwa usalama au kwa wepesi wake, fupisha. Ukiishika bila haja yoyote ila kuzikwepa rakaa mbili, huna ruhusa. Kumbe kilomita peke yake hazitoshi. Huulizwa pia kilichokupitisha huko.

Nikamweleza mama habari ya Sayyidna Umar. Aya ya kufupisha inataja hofu ya adui, naye akamuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, mbona sasa tuko salama na bado tunafupisha. Akajibiwa kuwa ni sadaka ya Mwenyezi Mungu, basi ipokeeni. Sadaka haimuulizi mtu kama amechoka.

Mama akanyamaza, akaendelea kuchambua mchele. Kisha akasema, "Sadaka nimeikubali. Lakini wewe hukusafiri. Umekuja kwenu."

Hapo vitabu vyangu vikafungika. Najua nilivyosomeshwa: makazi yangu ni Dar, hapa Kirumba, Mwanza, nimekuja kwa siku mbili, hukumu yangu ni ya msafiri. Ila chumba kile ndicho alichonizalia, na mkeka ule ndipo aliponifundishia Alhamdu. Nimwambie kwa ulimi gani kwamba hapa mimi ni mpita njia?

Kwa Shafii, msafiri akikamilisha hana kosa. Alasiri nilisali nne, na pazia halikutikisika.