Kupeleleza Asili ya Maradhi

Wako ndugu zetu wanaouliza: Wataalamu wanapochukua choo cha mgonjwa wa kipindupindu, wakakisoma kijidudu chake herufi kwa herufi wapate kujua kimetoka wapi na kimepitia wapi, je, huko si kupeleleza aibu za watu, jambo lililokatazwa katika Sura ya Hujurat?

Suala hili si la mzaha. Kijidudu hicho kina herufi za uzazi zipatazo milioni 4, na kinapozaana huenda moja mbili zikageuka. Kwa mageuzi hayo nasaba yake hujulikana, kama tujuavyo huyu ni fulani bin fulani. Na nasaba ikijulikana, ulimi wa mwanadamu haukawii. Huku kwetu bara, Likoni na Kisauni na Changamwe, nyumba ikipatwa na maradhi ya tumbo, wapo wasemao upesi: wageni wale ndio waliotuletea.

Basi na tukitazame kisa cha Yemen. Kipindupindu kilizuka huko mwaka 2016, na katika wimbi la pili, lililoanza Aprili 2017, walioshukiwa kuugua walizidi milioni 1. Wataalamu wakasoma vijidudu 116, vya Yemen na vya nchi nyingine, na mwaka 2019 wakatangaza kwamba mawimbi yote mawili ni ukoo mmoja. Asili yake ni Asia ya Kusini, na kabla ya kuonekana Yemen ulikuwa umekwisha kuuguza watu hapa hapa Afrika ya Mashariki. Sisi tuliozoea kuwalaumu wageni, maradhi yamepita kwetu kwanza! Nani atamcheka mwenziwe?

Kwa hivyo twasema: kusoma kijidudu si ujasusi. Sura hiyo hiyo imetuamrisha kuthibitisha habari, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Atafutaye ushahidi athibitisha. Asemaye "ni wale" bila ya ushahidi ndiye mwenye dhana mbaya. Ila jina la mgonjwa na nyumba yake ni amana kwa tabibu, wala barazani na msikitini si pahala pa kuyatangaza.

Ama wale wasemao kuwa hayo ni kadari, hayana haja ya kutafutwa, na wakumbuke Sayyidna Umar alivyorejea njiani alipopata habari ya tauni ya Sham, wala hakuona kurejea kwake kuwa ni kutoka katika kadari ya Mwenyezi Mungu.

Nasaba ya kijidudu yatwambia njia kilizopitia. Kwa nini kilipata makao, hilo haitwambii. Mwenye nyumba apangishaye vyumba kumi kwa choo kimoja, na choo chenyewe chavuja kisimani, huyo hangoji kusomewa herufi milioni 4, ajua.