Vukeni Maji Yakiwa Yamekupwa

Kusini mwa Unguja kiko kisiwa kiitwacho Uzi. Kwa vizazi vingi njia ya kukifikia kutoka Unguja Ukuu ilipita katikati ya mikoko, nayo ilikuwa wazi maji yalipokupwa tu. Hapo mama aliyejitwika mzigo alivuka kwa miguu, na mtoto wa shule kadhalika. Baada ya muda wa saa sita hivi maji yalikuwa yamejaa, na njia haionekani tena. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, yalijaa zaidi.

Watu wale hawakuiamrisha bahari. Waliijua saa yake, wakaifuata. Na aliyechelewa hakuyalaumu maji. Alijua kwamba ni yeye aliyekawia.

Ndugu wasomaji wa Kilosa na Mikumi, wilaya yetu haina bahari. Walakini yako maji yanayotutenga, nayo ni ugomvi wa mkulima na mfugaji. Kiangazi ng'ombe hushuka mabondeni kutafuta maji na majani. Shamba hukanyagwa, maneno makali hutoka, fimbo huinuliwa. Desemba 2000, pale Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa. Siku ile maji yalikuwa yamekwisha kujaa, na aliyetaka kumwendea jirani yake hakuwa na njia tena.

Kila ugomvi una saa yake ya kupwa. Ni siku ile ng'ombe mmoja ameingia shambani, wala hakuna aliyeumia. Siku hiyo mfugaji aweza kwenda mwenyewe kwa mwenye shamba, akakiri hasara na kuilipa. Mkulima naye aweza kumkaribisha, asidai kupita haki, wala asilime mapito ya mifugo. Ni mwendo mfupi na aibu ndogo. Miguu italowa kidogo tu.

Bwana wetu alituagiza tuiache sadaka mbele ya altare, twende kwanza kupatana na ndugu yetu. Hakusema tumngoje yeye aje kwetu. Basi, Mkristu anayepiga magoti kila Jumapili, na huku hajamsalimu jirani yake tangu mavuno, hana budi kuangalia maji yamefika wapi. Mwenyezi Mungu ana subira nyingi, lakini siku zetu ni chache. Twendeni leo, njia ingali wazi.